Josef Rheinberger na Sonata Zake za Kinanda

Wasikilizaji wetu wa Bariadi na nchi yote ya Simiyu, leo twataka kuwasimulia habari za mtungaji aliyesifiwa, akasahauliwa, kisha akakumbukwa tena.

Kinanda alichokitungia si kile kidogo cha umeme kipigwacho na kwaya zetu. Ni kinanda kikubwa cha filimbi. Kimoja kimo katika kanisa kuu la Mkunazini, Unguja. Aliyepata kumtazama mhunzi kazini ataelewa upesi. Mivukuto husukuma upepo, upepo hujaa sandukuni, na mpigaji akibonyeza kibao, mlango mdogo hufunguka, filimbi ikalia. Filimbi nyingine ni ndogo kama kalamu, nyingine zapita urefu wa mtu. Miguu nayo ina kazi, maana chini viko vibao vya kukanyagia.

Josef Rheinberger alizaliwa mwaka 1839 mjini Vaduz, Liechtenstein, nchi ya kilometa za mraba 160 tu, kati ya Uswisi na Austria. Alipokuwa na miaka 7 alikwisha kuwa mpigaji kinanda wa kanisa. Na kwa kuwa miguu yake haikufika chini, alitengenezewa vibao vya kumfikia. Baadaye alikwenda Munich, akafundisha huko miaka mingi, hata wanafunzi wakamjia kutoka Marekani. Alifariki mwaka 1901.

Aliacha sonata 20 za kinanda. Sonata ni utungo wa ala tupu, pasipo maneno, wenye sehemu kadhaa. Alikusudia ziwe 24, kwa hesabu ya funguo zote za muziki, lakini mauti yalimtangulia.

Mbona alisahauliwa? Siku zile watu wengi wa Munich walivutwa na muziki mpya wa Wagner, naye Rheinberger alishika njia ya Bach na Mozart. Alipokufa, wengi walimwona kuwa mwalimu tu, mtu wa kanuni. Sisi hatukubali; aliyesikia sonata zake hawezi kusema hivyo. Hata kaburi lake liliharibiwa katika Vita vya Pili vya Dunia, na mabaki yake yakahamishiwa Vaduz.

Waliomhifadhi ni wapigaji vinanda wa makanisa, waliohitaji muziki wa kupiga kila Jumapili. Mwaka 1925 Mwingereza Harvey Grace alitoa kitabu kizima juu ya kazi zake za kinanda. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Carus, ya Stuttgart, ilianza kuchapa upya kazi zake.

Angalieni, hayo yote yaliwezekana kwa sababu ya karatasi. Huku Usukuma, Bagika na Bagalu wameshindana kwa ngoma tangu karne ya 19, na kila upande umekuwa na baningi wake hodari. Wimbo wa ningi usioandikwa wakaa vifuani mwa walioucheza. Wakiisha hao, hakuna kampuni iwezayo kuuchapa. Wanafunzi mjuao do, re, mi, wazee wenu wangali wakizikumbuka nyimbo hizo.

Sasa tutawapigia sehemu ya mwisho ya sonata ya 8, ya mwaka 1882. Isikilizeni miguu kwanza: hupiga maneno machache mazito, kisha huyarudia na kuyarudia, kama ngoma kubwa isiyoacha mwendo wake, na mikono juu yake hubadili sauti kila mara.