MAUMIVU YA KINENA KWA WACHEZAJI
Sababu Zake na Njia ya Kuyaponya



Katika viwanja vingi vya mpira yupo kijana ambaye wenzake wamezoea kumwona akishika paja lake kwa ndani kila mchezo uishapo. Akiulizwa, husema ni uchovu tu. Akipumzika juma moja maumivu hupungua. Akirudi uwanjani, nayo hurudi. Mwaka ukiisha, siku alizokaa nje ni nyingi kuliko alizocheza, wala hakumwambia mtu ukweli, kwa kuwa mahali panapomwuma ni mahali pa siri, naye aogopa watu wasije wakasema kwamba ana mshipa. Mazungumzo haya ni kwa ajili ya kijana huyo, na kwa wazazi na walimu wa michezo wamwangaliao.

Kinena ni pale paja linapokutana na tumbo. Upande wa ndani wa paja mna misuli mitano ambayo kazi yake ni kuuvuta mguu uelekee mwenzake, nayo imeshikamana na mfupa wa kinena. Mchezaji apigapo mpira kwa upande wa ndani wa mguu, ageukapo ghafula, au anyoshapo mguu ili kumnyang'anya mwingine mpira, misuli hiyo hunyoshwa wakati ule ule inapojikaza. Ikiwa nguvu zake hazitoshi kwa kazi hiyo, huchanika kidogo kwa mara moja, ama kano zake huumia polepole, siku baada ya siku.

Hata hivyo si kila maumivu ya mahali hapo yatokayo katika misuli hiyo. Mwaka 2014 mabingwa wa elimu hii kutoka nchi mbalimbali walikutana Doha, katika nchi ya Qatar, wakakubaliana kuyagawa maumivu ya kinena kwa wachezaji katika mafungu manne: ya misuli ya ndani ya paja; ya msuli uinuao paja; ya njia ya kinena, pale sehemu ya chini ya tumbo inapoishia; na ya mfupa wa kinena wenyewe. Mbali na hayo wakaweka maumivu yatokayo katika kiungo cha nyonga, na yale yaletwayo na magonjwa mengine, ngiri ikiwa mojawapo. Tena mtu mmoja aweza kuwa na namna mbili kwa pamoja. Kwa hiyo mwenye kuumwa kwa muda mrefu hafai kujitabiria ugonjwa. Yampasa kupimwa na daktari.

Yako mambo matatu yasiyongoja mazoezi wala dawa ya nyumbani. La kwanza ni maumivu makali ya ghafula katika korodani. Huenda korodani imejisokota na damu haipiti. Kijana huyo apelekwe hospitali saa ile ile, maana zikipita saa 6 hivi hatari ya kuipoteza huwa kubwa. La pili ni mkimbiaji wa masafa marefu ambaye kinena humwuma kila akanyagapo chini. Huenda mfupa wa paja umeanza kupata ufa karibu na nyonga, na akiendelea kukimbia mfupa waweza kuvunjika kabisa. La tatu ni mtoto wa umri wa kubalehe anayechechemea huku akiumwa nyonga, paja au hata goti. Huenda kichwa cha mfupa wa paja kimeanza kuteleza kutoka mahali pake, wala asiambiwe kwamba ni maumivu ya kukua tu.

Basi, daktari akisha kuthibitisha kwamba ni misuli ya ndani ya paja iliyoumia, matibabu yaweje? Siku mbili tatu za kwanza baada ya kuumia ghafula, mchezaji aache kukimbia na kupiga mpira, aweke kitambaa cha maji baridi, na kuufunga paja bila kukaza mno. Kuchuliwa kwa nguvu siku hizo hakufai, kwani huweza kuzidisha damu inayovia ndani.

Baada ya hapo ndipo wengi hukosea. Hudhani kwamba dawa ni kulala tu, au kuchuliwa kila jioni. Jambo hili lilichunguzwa nchini Denmark, na habari zake zikachapishwa mwaka 1999. Wanaume 68 wenye mchezo, ambao walikuwa wameumwa kinena kwa miezi miwili au zaidi, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilichuliwa, likanyoshwa misuli na kutibiwa kwa mashine. Kundi la pili lilifundishwa mazoezi ya kuitia misuli nguvu. Waliofikia mwisho wa uchunguzi walikuwa 59. Katika 30 wa kundi la kwanza, waliorudi mchezoni kama zamani pasipo maumivu walikuwa 4 tu. Katika 29 wa kundi la pili walikuwa 23.

Mazoezi yenyewe hayahitaji gharama. Mchezaji hulala chali, hukunja magoti, huweka mpira katikati yake na kuubana kwa muda wa nukta 30, kisha hupumzika. Hufanya hivyo mara 10. Pia huubana mpira kwa miguu yake ikiwa imenyoka. Baada ya majuma mawili huongezewa kazi nzito zaidi: kulala ubavu na kuinua mguu wa chini, kuinua kiwiliwili ili kutia tumbo nguvu, na kusimama kwa mguu mmoja. Kukimbia polepole kuliruhusiwa baada ya majuma 6, ikiwa hakuna maumivu. Safari hii yataka subira, kwa maana hata wale waliopona Denmark kwa kawaida walichukua yapata majuma 18 kabla ya kurudi mchezoni. Atakayeona hilo ni refu na apime na mwaka mzima wa kucheza leo na kuchechemea kesho.

Kurudi uwanjani nako kuna daraja zake. Kwanza kubana mpira kwa nguvu zote pasipo kuumwa. Kisha kukimbia moja kwa moja. Kisha kukimbia kwa kasi na kugeuka. Kisha kupiga mpira, kwanza polepole. Na mwisho kucheza na wenzake. Maumivu yakizidi, au yakiwapo bado asubuhi ya pili, arudi daraja moja nyuma.

Lililo bora ni kuzuia. Nchini Norway timu 35 za mpira zilifanyiwa uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019. Wachezaji wa baadhi ya timu hizo walifanya zoezi moja: mmoja hulala ubavu akiegemea kiwiko, mwenzake humshikia mguu wa juu, naye hujiinua mwili kwa nguvu za paja hilo huku akiuleta mguu wa chini ukutane na wa juu. Walilifanya mara tatu kwa juma kabla ya msimu, na mara moja kwa juma msimu ulipoanza. Hatari ya kupata matatizo ya kinena ilipungua kwao kwa asilimia 41. Zoezi hilo halitaki chombo cho chote ila rafiki na nyasi.

Mwalimu wa timu naye ana sehemu yake. Akimwuliza kila mchezaji faraghani, bila mzaha, kama anaumwa mahali po pote, kijana atasema mapema. Akimcheka mbele ya wenzake, atanyamaza mpaka mguu ukatae. Wazee walisema kweli, mficha maradhi kilio humfichua. Kinena ni kiungo kama goti au kifundo. Kikiuma na kitajwe, kipimwe, na kifanyiwe kazi kwa subira.