Magome ya Miti na Maumivu ya Mwili

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Tumepewa heshima ya kusema maneno machache juu ya dawa za magome, jambo ambalo wazee waliopo hapa walilijua kabla sisi hatujazaliwa.

Wengi wetu wa Kitui na Makueni twaujua mti uitwao mukenea, ambao Waswahili huuita mjafari. Shina lake lina vifundo vyenye miiba, na majani yake yakifikichwa hunukia kama limau; wala si ajabu, maana mukenea na mlimau ni wa jamaa moja. Magome yake huchemshwa, na maji yake hunywewa kwa homa, kikohozi na maumivu ya mwili.

Wako vijana wasemao kwamba hayo ni mambo ya kale yasiyo na maana. Hao twawakumbusha habari za mwerebi, mti wa kando ya maji unaotajwa katika Biblia. Mwaka 1763 kasisi mmoja Mwingereza, Edward Stone, aliwaandikia wataalamu wa Royal Society huko London kwamba ameonja gome la mwerebi, akaliona chungu, akalikausha, akalisaga, na kuwapa watu wapatao 50 wenye homa za vipindi. Alianza na kipimo kidogo, akakiongeza polepole huku akitazama hali ya mgonjwa. Mwaka 1828 Johann Buchner wa Munich alipata ndani ya gome hilo kitu kichungu kiitwacho salisini. Mwaka 1897 Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer, Ujerumani, alitengeneza dawa ya jamii hiyo, nayo ikaanza kuuzwa mwaka 1899 kwa jina la Aspirin. Basi kidonge kinunuliwacho dukani babu yake ni gome la mti.

Lakini habari hiyo ina upande wa pili. Homa za Uingereza za siku zile, yaaminika kwamba nyingi zilikuwa malaria. Mwerebi huteremsha joto na kutuliza maumivu, lakini hauui vijidudu vya malaria. Mgonjwa huona nafuu, na ugonjwa ungali ndani. Hapa ndipo penye hatari kwetu. Mvua za mwisho wa mwaka zikiisha kunyesha, mtoto hushikwa na homa; hunyweshwa maji ya magome, jasho humtoka, akalala, na mama hushukuru. Siku ya tatu homa hurudi kwa nguvu, na zahanati iko mbali. Twasema wazi: kutulia kwa homa si kupona. Mtoto mwenye homa apelekwe akapimwe damu siku ile ile.

Kadhalika, kitu chenye nguvu ya kuponya kina nguvu ya kudhuru. Aspirini huwadhuru wenye vidonda vya tumbo, huzuia damu kuganda, na watoto wenye homa hawapewi ila kwa amri ya daktari. Mukenea si ndugu wa mwerebi, na nguvu yake ni nyingine. Lakini sufuria ya magome haina maandishi ya kipimo. Kwa hiyo mgonjwa asimfiche mganga wa hospitali aliyoyanywa nyumbani.

Jambo la mwisho ni mti wenyewe. Anayebandua gome kuzunguka shina lote huua mti, kwa sababu chakula kitokacho majani hupita katika gome kwenda mizizini. Yatosha kutwaa kipande chembamba upande mmoja, au gome la tawi, na kuuacha mti upone. Akataye mzizi wa dawa leo, mjukuu wake ataugua bila dawa.

Kwa hiyo twaleta maombi matatu mbele ya mkutano huu: kila tawi la chama liandike maarifa ya wazee wake kwa idhini yao, kwa kuwa sheria ya Kenya ya mwaka 2016 hulinda maarifa ya jadi, kila mwanachama apande mche mmoja wa dawa bomani mwake, na homa ya mtoto isingojewe.

Wazee wetu, ninyi ndio maktaba yetu. Twawaomba mfungue vitabu vyenu nasi tungali na wino.