Kamera za Mkononi za Infraredi na Mguu wa Mgonjwa wa Kisukari



Niliyotakiwa kuyaeleza ni matumizi ya kamera za mkononi za infraredi katika tiba, na madhali hadhara hii ni ya wajuzi, maelezo ya awali nitayapitia kwa haraka. Mionzi ya infraredi, aliyoigundua William Herschel nchini Uingereza mwaka 1800, hutoka katika kila chenye joto ilhali jicho haliioni. Kamera huipokea na kuifanya taswira, pasipo kumgusa mgonjwa wala kumdhuru. Zamani mitambo hiyo ilikuwa mizito na yenye kuhitaji kupozwa. Leo zipo za kuchomekwa kwenye simu. Ama kuhusu saratani ya matiti, natahadharisha mapema: mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imekwisha kuonya kwamba taswira ya joto haishiki nafasi ya mamografia, na mwenye kuitangaza vinginevyo anahatarisha roho za watu.

Nitakapotua ni kwenye mguu wa mgonjwa wa kisukari. Aliyekufa ganzi nyayo hahisi maumivu. Hukanyagia pale pale kila siku, uvimbe ukaanza chini ya ngozi, na joto likapanda kabla kidonda hakijafumuka. Vitabu tulivyosomea vyatuagiza kutazama wekundu, nao katika ngozi nyeusi aghalabu haudhihiriki. Lakini ngozi za rangi zote hutoa infraredi kwa kiasi kilicho karibu sawa, na hapo ndipo ilipo faida kubwa ya kamera hizi kwa wagonjwa wetu. Kanuni ya upimaji wa nyumbani ni kulinganisha sehemu ile ile ya nyayo mbili: tofauti ikizidi nyuzi joto 2.2 za Selsiasi siku mbili mfululizo, mgonjwa aupumzishe mguu na amwone tabibu.

Sasa nafika penye taabu niliyoisema katika vikao vingi, na sina budi kuisema tena. Kamera hununuliwa, mahali pa kuitumia pasitengenezwe. Mgonjwa hufika amepakiwa kwenye bodaboda, mguu mmoja umekaribiana na bomba la moshi. Au ametoka stendi kwa miguu, juani, na kandambili. Akivua tu, picha yapigwa, huku feni inampulizia ubavu mmoja na unyayo wa pili umekanyaga sakafu baridi ya saruji. Rangi za picha hiyo huvutia, nyekundu huku na buluu kule, lakini zinachoonyesha ni bodaboda na feni, si maradhi. Mgonjwa yampasa kukaa miguu mitupu, nyayo hazigusi kitu, kwa dakika 15 hivi, mahali pasipo upepo wala jua la dirishani. Kwa muuguzi mmoja mwenye foleni iliyofika barazani, dakika hizo ni nyingi mno, nami simlaumu. Nilipoomba chumba katika kituo kimoja, nilijibiwa kwamba fungu la fedha lilikuwa la vifaa tu. Chumba nilichoomba kilikuwa pembe ya ukumbi, pazia, benchi na kipimajoto cha ukutani.

Kwa taadhima, basi, napendekeza kwamba fungu la kamera lisiidhinishwe pasipo fungu la mahali pa kuitumia. Kwamba nyayo zote mbili zipigwe katika picha moja, maana kamera za bei nafuu hubainisha tofauti ndogo vizuri ilhali kipimo chenyewe chaweza kukosea kwa nyuzi 2 au zaidi. Kwamba kwa sababu hiyo hiyo zisitumiwe peke yake kuamua nani ana homa. Kwamba mguu ulio baridi upapaswe mapigo ya damu, kwani mshipa ulioziba huweza kuuficha uvimbe. Kwamba pasipo kamera kitumike kipimajoto cha infraredi cha ngozi, kwa kanuni ile ile. Na, narudia, kwamba dakika 15 za kumpumzisha mgonjwa ziandikwe katika ratiba kuwa ni kazi, zisiachiwe hisani ya muuguzi. Kikao kikiridhia, naomba haya yaingizwe katika muhtasari wa leo na yawafikie wenye idhini ya fedha kabla makisio ya mwaka hayajafungwa.