Seti Kabla ya Ree

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Nyalikungu)



Katibu aliponiandikia kwamba niseme juu ya jambo lolote la manufaa, nilimjibu kuwa nitasema juu ya karata. Alikaa siku tatu bila kujibu. Nadhani alikuwa anatafuta msemaji mwingine. Bahati yangu hakumpata.

Leo asubuhi, njiani kwenda bwaloni, kijana mmoja wa hapa alinisimamisha. Alisikia nitazungumza nini, naye akataka kujua afanyeje ili aache kushindwa kila mara katika poka, ambayo yeye na wenzake huicheza kwa vifuniko vya soda. Swali zuri. Nitalijibu, lakini nitaanzia kwenye mchezo ulionifunza mimi, yaani wahedi wa sitini.

Sisi tulifundishwa na kaka mmoja wa kidato cha nne aliyetoka Tanga. Majina yenyewe yanaonyesha kuwa mchezo huu umesafiri. Turufu, kopa, shupaza, uru, pau na seti ni maneno ya Kireno, yaliyobaki pwani hata baada ya Wareno kupoteza Ngome ya Mombasa mwaka 1698. Wahedi wa sitini ni Kiarabu, maana yake sitini na moja. Hapo ndipo ulipo mchezo wote: pointi zilizomo ni 120, na anayefikisha 61 ameshinda.

Bwenini kwetu tulitoa nane, tisa na kumi, zikabaki karata 40. Watu wanne, wawili dhidi ya wawili, kila mmoja karata kumi, na lazima ufuate aina iliyotangulia kama unayo. Ree ni pointi 11. Seti, yaani saba, ni 10, nayo humfuata ree kwa nguvu. Kisha wazungu: mzungu wa nne, mzungu wa tatu na mzungu wa pili. Jina la kila mmoja ni pointi zake, kwa hiyo hata asiyejua hesabu hawezi kukosea. Karata nyingine hazina kitu.

Sasa angalieni. Ree nne na seti nne zina pointi 84. Wazungu wote kumi na wawili wana 36 tu. Anayeanza hujaribu kukumbuka karata zote 40, akashindwa, akasema hana kichwa cha karata. Mimi humwambia akumbuke nane tu. Kwa wiki nzima asijali kushinda. Kila karata ikianguka, ajiulize tu: ree ipi imekwisha kutoka, seti ipi bado? Wiki ya pili aongeze kuhesabu turufu, ambazo ni kumi. Kama mkononi anazo tatu na nne zimekwisha kuanguka, tatu ziko kwa wenzake. Hiyo ni hesabu ya darasa la kwanza, lakini wengi wetu hatuifanyi kwa sababu macho yetu yamo katika karata zetu wenyewe. Kuzitazama mara kumi hakuzibadilishi. Habari zote ziko mezani.

Nilijifunza hayo kwa gharama ya mtu mwingine, na naomba radhi kwamba leo nasimulia mbele yake.

Mwaka 1980, nikiwa kidato cha tatu, tulifunga shule mwezi wa sita. Mimi na mwenzangu wa kitanda cha juu tulipanda lori la pamba hadi Malampaka kungoja treni ya kwenda upande wa Tabora, maana wote kwetu ni Bukene. Nauli ya wote wawili nilishika mimi. Treni ilichelewa, kama kawaida yake, na pale stesheni wanaume wawili walikuwa wametandika gunia wanacheza wahedi wa sitini kwa fedha. Bwenini nilikuwa bingwa. Mwenzangu hakutaka. Nilimwambia, "Wewe kaa mbele yangu tu, utaona."

Tulishinda mara tatu. Mara ya nne niliweka nauli yote.

Mchezo ule ninaukumbuka karata kwa karata. Turufu ilikuwa pau. Kila mtu alibakiwa na karata tatu. Sisi tulikuwa na 52, wao 38. Tulihitaji 9 tu. Nilikuwa ninaanza mimi, na mkononi nina seti ya kopa, kopa ndogo na turufu moja. Kwa kiburi cha kushinda mara tatu, nikaitupa seti ile chini kwa kishindo hadi gunia likatoa vumbi. Aliyekuwa kushoto kwangu akaweka ree ya kopa polepole, bila hata kunitazama. Mwenzake akatupa mzungu wa nne. Kumi na moja, kumi, na nne: pointi 25. Wakawa na 63, na nauli ikaenda.

Miaka mingi nilisema karata zilinikataa siku ile. Uongo. Ree ya kopa ilikuwa bado haijatoka. Mapema mwenzangu alikata kopa kwa turufu, maana yake hakuwa na kopa hata moja, basi ree isingeweza kuwa kwake. Na turufu niliyoshika ilikuwa ya mwisho katika mchezo, ila sikujua, kwa kuwa sikuzihesabu. Ningetanguliza kopa ndogo. Kama angeichukua kwa ree, angebaki na 53 kwa wingi, na chochote ambacho angetanguliza baadaye ningekikata au kukila, kisha seti yangu ingetufikisha 62. Angeweza kuizuia ree yake, sikatai, na huenda tungeshindwa vile vile. Lakini angelazimika kufikiri. Mimi nilimpa bure.

Mwenzangu hakusema neno. Aliuza viatu vyake na blanketi kwa abiria, akakata tikiti mbili. Alifika kwao miguu mitupu, akamwambia mama yake ameibiwa.

Basi, kijana wangu wa vifuniko vya soda, ukishindwa, kabla ya kuchanga karata upya kaa kidogo, uurudie mchezo. Usiulize ulipewa nini. Uliza ulijua nini wakati ule na ukafanya nini. Ukishinda fanya vivyo hivyo, kwa sababu ushindi wangu mara tatu wa kwanza nao ulikuwa na makosa, ila hakuna aliyenitoza.

Poka ina jambo moja ambalo wahedi wa sitini haina. Sisi karata kumi tulizopewa tulilazimika kuzicheza zote. Katika poka inayochezwa sana siku hizi unapewa mbili za siri, na tano hufunuliwa mezani kwa ajili ya wote: tatu, kisha moja, kisha moja. Ukiona mkono wako ni mbaya una ruhusa ya kuuweka chini. Anayeanza huona aibu kuitumia ruhusa hiyo. Anataka kucheza kila mkono, na hapo ndipo vifuniko vyake vinapokwenda.

Tuseme una kopa mbili mkononi na mbili ziko mezani, karata ya mwisho haijafunuliwa, nawe unatafuta ya tano. Kopa ni 13, umeona nne, zimebaki 9. Karata usizoziona ni 46. Kwa hiyo utaipata karibu mara moja katika tano. Sasa mezani kuna vifuniko 30 na unaambiwa uongeze 10 ili ubaki. Fanya hivyo mara tano: mara moja unapata 30, mara nne unatoa 40. Umepungukiwa 10. Weka chini, ukanywe maji. Kama mezani kungekuwa na 60, ningekwambia baki.

Nimesema vifuniko, sikusema shilingi. Sheria yetu hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kwa fedha, na mimi niliyekuwa na miaka 17 pale Malampaka sina haja ya kuongeza neno.

Baada ya chakula nitakuwa chini ya mwembe nikiwa na karata, nane, tisa na kumi zimekwisha kutolewa. Wanafunzi wawili wenye ujasiri waje. Mwenzangu amekubali kukaa mbele yangu tena, mara ya kwanza tangu mwaka ule, kwa sharti kwamba kitu chochote cha thamani atakishika yeye. Amekuja na viatu vyake amevifunga kamba mara mbili.