Ng'ombe Hanenepi Siku ya Mnada

(Mazungumzo ya mzazi mmoja mbele ya vikundi vya kujisaidia)

Nimeombwa niseme machache juu ya masomo ya watoto wetu. Mimi si mwalimu. Ni mzazi kama nyinyi, na nitawaeleza kosa nililofanya nyumbani kwangu ili nyinyi msilirudie.

Mtoto wangu wa kwanza alifanya KCPE. Mnakumbuka mtihani ule, ulioanza 1985 na kwisha 2023. Madaftari ya darasani hayakuhesabiwa hata kidogo. Kijana alikuwa wa katikati miaka yote. Ilipobaki miezi michache tukamkazania: maji hateki, ng'ombe hakamui, ni kusoma tu. Akapita vizuri. Nikajiambia, kumbe siri ni mtihani wa mwisho.

Basi mdogo wake alipofika Gredi ya 7, akaja jioni moja: "Baba, mwalimu anataka tupande mboga kwenye gunia, tuandike kila wiki zinavyokua." Nikamjibu, "Huo ni mchezo. Nenda ukachunge mbuzi." Muhula ukaisha. Nilipoitwa shuleni, mwalimu akanionyesha nafasi tupu palipotakiwa alama za mtoto wangu. Jamani, nilikosa la kusema.

Mwalimu akanieleza hivi. Siku hizi alama za kuingia sekondari ya juu, yaani Gredi ya 10, hutoka mahali patatu:

- KPSEA, mtihani wa Gredi ya 6: asilimia 20.
- Kazi anazopimwa shuleni Gredi ya 7 na 8: asilimia 20.
- KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9: asilimia 60.

Watoto wa kwanza walifanya KJSEA mwaka wa 2025.

Sasa swali ni hili: mtihani mzuri wa mwisho waweza kufunika kazi hafifu ya nyuma? Tufanye hesabu, ni mfano tu. Mtoto mmoja alipata 50 kwa mia Gredi ya 6, na 50 katika kazi za shuleni. Gredi ya 9 akaamka, akapata 80. Hapo ni 10, na 10, na 48. Jumla 68. Mwenzake hakung'aa popote, alipata 70 mahali pote patatu. Jumla 70. Mwaona? Yule wa 80 amepitwa.

Lakini tusikate tamaa. Kama angebaki na 50 mpaka mwisho, angekuwa na 50 tu. Mtihani umemwinua alama 18. Kwa hivyo mtihani hufunika sehemu, haufuniki yote. Aliyeanza vibaya asiambiwe amekwisha, na aliyeanza vizuri asilale. Ng'ombe hanenepi siku ya mnada.

Tufanye nini?

Kwanza, kila muhula nenda shuleni uulize: mtoto wangu amebakisha kazi gani? Usingoje kuitwa kama mimi.

Pili, mtoto asibaki nyumbani siku ya soko. Kazi ya kupimwa ikifanywa hayupo, huenda nafasi yake ikabaki tupu.

Tatu, vitu vinavyotakiwa, kama magunia, mbegu na maboksi makuukuu, tuvitafute pamoja kama kikundi. Tukiweka kidogo kutoka merigoraundi, hakuna mama atakayelemewa peke yake. Na vikiitishwa vitu vya bei, twende wawili watatu, kwa heshima, tumwulize mwalimu kama vya hapa kwetu vinafaa.

Wale wakubwa walio katika 8-4-4 wana KCSE, ambayo ya mwisho ni 2027. Kwao mtihani wa mwisho bado ndio wenye uzito, na wa kusomea digrii hutakiwa wastani wa C+. Tusiwachanganye na wadogo zao.

Sasa nyuma ya jikoni kwangu liko gunia la sukuma wiki. Mtoto huandika kila Jumamosi, na mbuzi nachunga mimi.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

1. Ni watoto wangapi wa kikundi chetu walikosa shule mwezi uliopita, na kwa sababu gani?
2. Tukitoa msaada wa karo, tutazame mtihani peke yake, au na bidii ya kila siku?
3. Nani ataenda kuzungumza na mwalimu mkuu, na lini?