NILIPATA ALAMA, MICHE IKAFA
Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Balangdalalu



Nimeombwa niseme machache juu ya utumishi na hifadhi ya mazingira. Naanza kwa kukiri kosa. Wakati wa fomu za OPRAS niliwahi kujiwekea lengo la "miche iliyopandwa". Hesabu yangu ilikuwa sahihi, nikapata alama nzuri. Kiangazi kilipokwisha, miche iliyokuwa hai ilikuwa michache mno. Hakuna aliyeniuliza, kwa kuwa lengo lenyewe halikuuliza.

Ndugu zangu, mtumishi hufanya kile anachopimwa nacho. Tukimpima kwa kupanda, atapanda. Tukimpima kwa miche kupona, atamwagilia, atazungushia miiba, na atakwenda kumwuliza mfugaji ng'ombe wanapita wapi.

Ushahidi tunao kwa jirani zetu wa Babati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilikusudia kuufanya msitu wa Duru-Haitemba kuwa hifadhi yake. Wananchi walipinga, na msitu ukazidi kukatwa, maana kila mmoja aliona unamponyoka. Kuanzia mwaka 1994 mambo yaligeuzwa. Vijiji vinane vilikabidhiwa ulinzi, vikatunga sheria ndogo na kuchagua walinzi wao wenyewe. Bwana misitu hakuachishwa kazi. Alibadilishiwa kazi, akawa mshauri badala ya askari. Msitu ukaanza kurudi, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikatambua rasmi misitu ya vijiji.

Huo ndio ubunifu katika utumishi. Haukuletwa na mashine mpya, bali na kuwapanga watu upya.

Sisi watu wa Hanang hatuhitaji kukumbushwa maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba, 2023. Sidai kwamba miche yangu ingeyazuia. Nasema tu kwamba mlima hausomi fomu.

Leo OPRAS imeupisha mfumo wa kompyuta, PEPMIS. Lakini lengo bado huandikwa na mtu. Kwa hiyo naomba kila mmoja wetu mwenye dhamana, serikalini au kwenye shirika, aongeze swali moja katika mpango wa kazi wa mwaka ujao: mingapi imepona? Mimi nimekwisha kuliandika katika wangu.