Maji ya Kunywa katika Bajeti ya Mgeni Mkaazi wa Arusha



Nimeombwa nizungumzie gharama za maisha kwa wageni wanaohamia Arusha kikazi, hasa bei za vinywaji. Mji wetu umewazoea. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikuwa hapa tangu 1995 hadi Desemba 2015; makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo hapa; Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilihamia hapa 2007. Mtumishi mpya akifika huuliza kwanza bia ni shilingi ngapi.

Bia haimfilisi mtu. Anayeinywa baa ya mtaani Ngarenaro na anayeinywa hotelini wanatofautiana bei kwa sababu ya kiti walichokalia. Na tangu Machi 2025, kanuni za serikali zinakataza bei kutangazwa kwa fedha za kigeni, hivyo mgeni anaweza kulinganisha mwenyewe.

Kinachokula bajeti kimyakimya ni maji. Miamba ya volkano ya Mlima Meru hutoa floraidi nyingi kwenye chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita; kiwango cha taifa letu kiliwahi kuruhusu hadi 4, na katika kata ya Ngarenanyuki kuna vyanzo vinavyovuka hata hapo mara kadhaa. Mgeni aliyeonywa kuhusu kipindupindu huchemsha maji yake vizuri, akayapoza, akayaweka kwenye friji. Vijidudu vimekufa, floraidi imebaki yote, tena imekolea kidogo kwa kuwa sehemu ya maji imepaa na mvuke.

Basi ananunua. Familia ya watu wanne, kwa kunywa na kupikia, haikosi lita 10 kwa siku. Hiyo ni chupa kubwa ya lita 18 na ushei kila siku mbili, takriban 15 kwa mwezi, mbali na nauli ya bodaboda anayezileta. Umoja wa Mataifa hupima gharama za vituo vyake kwa kulinganisha na New York, mji ambao watu hukinga maji bombani wakanywa, bila gharama hii.

Mgeni ana posho. Jirani yake Mmeru hana, na mtoto wake anakua na meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi, na watoto wengine mifupa yao imepinda. Jambo hili linaniuma. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachochuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, teknolojia ambayo kijiji kinaweza kuimudu. Mjini, mradi wa maji wa takriban Sh bilioni 520, uliopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, umeongeza maji mengi. Magadi nayo tuyaangalie: baadhi yake yana floraidi, nayo huingia kwenye maharage ya kila siku.

Ninaowaomba ni ninyi wenye nyumba za kupangisha na waajiri. Kabla mgeni hajatia saini mkataba wa pango, pimeni maji ya kisima chenu, mkamwonyeshe kipimo cha floraidi kwa maandishi. Kisha wapeni kipimo hichohicho majirani wanaochota kwenye kisima hicho.